Kiwanja cha Ndege Hupimwa kwa Ardhi na Upepo



Mtu wa kisiwani akiandika khabari za Njombe na Makambako, yafaa kwanza aeleze kilichompeleka huko. Mimi ni mwenye duka. Mbatata ninazouza hutoka katika nyanda za juu za kusini, na kila mwaka, baada ya mavuno, hufunga safari mwenyewe kwenda kuzinunua, kwani nimejifunza kwa hasara kwamba gunia lisiloonekana na mwenyewe hupungua njiani. Makambako ndipo njia zinapokutana: barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, reli ya TAZARA, na njia ya lami ielekeayo kusini kwa Njombe na Songea. Kutoka hapo mpaka mji wa Njombe ni kiasi cha kilomita 60.

Njombe ilifanywa mkoa mwaka 2012, na tangu hapo mazungumzo ya kiwanja cha ndege hayakupoa. Katika miaka ya 2010 iliingizwa miongoni mwa viwanja vya mikoani vilivyofanyiwa upembuzi yakinifu. Safari moja nilikaa katika mgahawa wa Makambako nikingojea gari langu lipakie, nikawasikia watu wakibishana. Wa Njombe walisema kiwanja chao cha tangu zamani kipo mjini, basi kirefushwe hapo hapo. Wa Makambako walisema kiletwe kwao, penye barabara na reli. Kila mmoja alitoa hoja ya mapenzi ya mji wake. Hapana hata mmoja aliyetoa hoja ya kipimo. Nilirudi nyumbani na jambo hilo moyoni, kwa kuwa ugomvi huo huo sisi hapa visiwani tunaujua sana.

Yafaa ifahamike kwamba kiwanja cha ndege hakijengwi kwa matakwa. Mwaka 1944 mataifa yalitia saini Mkataba wa Chicago, na mwaka 1951 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likapitisha Kiambatisho cha 14 cha mkataba huo, ndicho chenye vipimo vya viwanja. Kimerekebishwa mara nyingi, lakini msingi wake haukubadilika: kwanza ijulikane ndege itakayotua, ndipo kiwanja kichorwe. Kila kiwanja hupewa alama mbili. Ya kwanza ni namba, kuanzia 1 mpaka 4, kwa urefu wa njia ambao ndege huhitaji katika hali ya kawaida: chini ya mita 800 ni 1, na kuanzia mita 1,800 ni 4. Ya pili ni herufi, kuanzia A mpaka F, kwa upana wa mabawa. Ndege ndogo ya Cessna Caravan, ambayo wengi wetu tumeipanda kwenda Pemba, mabawa yake ni karibu mita 16, nayo ni herufi B. Ile ya rafadha mbili aina ya Q400, inayorushwa na Air Tanzania kwenda mikoani, mabawa yake yapita mita 28, nayo ni herufi C. Basi mtu akisema "tunataka kiwanja", hajasema kitu bado. Ni sawa na mteja anayeingia dukani akasema "nipimie", asitaje anataka nini wala kiasi gani.

Sasa tuingie katika hesabu, kwani hapa ndipo penye siri ya milima. Bawa la ndege hushika hewa kama kasia linavyoshika maji. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi pia. Kwa hivyo ndege hulazimika kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Kanuni yasema: kwa kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, ongeza asilimia 7 ya urefu. Kisha kwa kila digrii moja ya joto inayozidi joto la kawaida la mwinuko ule, ongeza asilimia 1. Kisha, ikiwa njia ina mwinamo, ongeza asilimia 10 kwa kila asilimia moja ya mwinamo huo.

Tuchukue ndege inayohitaji mita 1,200 kwa hesabu ya vitabu. Ipelekwe Pemba, ambako mwinuko ni mdogo wala hauhesabiki, siku ya joto la digrii 32. Joto la kawaida la usawa wa bahari ni digrii 15; zimezidi 17. Ndege hiyo yataka kiasi cha mita 1,400. Ipelekwe sasa Njombe, ambako mji uko karibu mita 1,950 juu ya bahari. Kwa mwinuko peke yake tunaongeza zaidi ya asilimia 45, tunafika karibu mita 1,750. Joto la kawaida la mwinuko ule ni kiasi cha digrii 2 tu. Mchana wa digrii 22, ambao kwetu sisi ni baridi ya kuvalia sweta, kwa ndege ni joto lililozidi digrii 20. Tumefika karibu mita 2,100. Na nchi ile ni ya vilima. Tukipata mwinamo wa asilimia moja, tunakwenda mita 2,300. Ndege ni ile ile moja, abiria ni wale wale, lakini Njombe yataka karibu mita 900 zaidi ya Pemba. Na kanuni yenyewe yaonya kwamba nyongeza ya mwinuko na joto ikipita asilimia 35, hesabu hizi hazitoshi. Sharti ufanywe uchunguzi makhsusi wa mahali pale. Kwa hivyo hesabu yangu hii ya dukani ni ya kumfungua mtu macho tu, haifai kujengea.

Makambako iko chini kidogo kuliko Njombe, ingawa nayo yapita mita 1,600. Tafauti hiyo yapunguza kiasi cha mita 100 tu. Basi wale walionena kwamba Makambako ni bora kwa sababu "ni chini" wana haki, lakini haki yao ni ndogo kuliko walivyodhani.

Tena urefu si ardhi yote. Njia ya kurukia huzungukwa na ukanda usio na kizuizi. Kwa kiwanja cha namba 3 au 4 ambacho rubani huongozwa na vyombo, ukanda huo ni mita 140 kila upande wa mstari wa katikati, na mita 60 kupita kila ncha. Kwa njia ya mita 2,100, ukanda peke yake ni zaidi ya hekta 62. Baada ya ukanda, kila ncha sharti iwe na eneo la usalama lisilopungua mita 90, na linalopendekezwa ni mita 240, ili ndege iliyopitiliza isitumbukie. Hapa asidhani mtu kwamba ni urembo wa wahandisi. Mwaka 2010, huko Mangalore, mji wa India ambao wazee wetu waliujua kwa vigae vyake, ndege iliyotoka Dubai ilipitiliza njia iliyojengwa juu ya kilima, ikaporomoka bondeni, wakafa watu 158. Rubani alikosea kutua, hilo lilithibitishwa; lakini bonde lilikuwa linamngojea yeyote atakayekosea. Nchi ya Njombe nayo ni ya vilima na mabonde, basi wachoraji wake na walikumbuke hilo.

Na kupita hapo, anga nayo ina mipaka. Mteremko wa kutulia hupanda mita 1 kwa kila mita 50. Maana yake, umbali wa kilomita moja kutoka mwisho wa ukanda, haifai kuwepo mti wala paa linalopita mita 20 juu ya usawa wa njia. Ndugu aliyefika Njombe anajua ile misonobari na mikaratusi ilivyorefuka. Na kiwanja cha zamani kimo ndani ya mji, nyumba zimekisogelea. Kukirefusha hapo ni kuvunja nyumba na kufyeka miti mwaka huu, kisha kupigana na ghorofa za mwakani.

Kisha upepo. Hili mwana wa bahari hahitaji kufundishwa. Kiwanja chetu cha Unguja kimelazwa kaskazini na kusini, ndiyo maana ncha zake zaitwa 18 na 36, yaani digrii 180 na 360 za dira: njia imeelekezwa kwenye kusi na kaskazi. Kanuni yataka kiwanja kiweze kutumika asilimia 95 ya wakati bila ya upepo wa ubavuni kuzidi kipimo. Hilo haliwezi kujulikana kwa kusimama uwanjani siku moja na kunyoosha kidole kilicholowa mate. Hupimwa kwa miaka, upepo na ukungu pia, kwa saa zote. Kwa hivyo kipimo cha upepo kilipaswa kuwekwa kabla ya jiwe la msingi, na kabla ya hotuba.

Ningeweza kuishia hapo lau kama khatari ilikuwa ya ndege tu. Lakini nilipokuwa Njombe sokoni, mzee mmoja aliyeniuzia maharage alinijibu "kamwene", tukazungumza, akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu watu wa viwanja wakija kupima, hulipa lini?" Sikuwa na jibu la kumpa mzee wangu yule, kwa sababu niliikumbuka minazi ya marehemu baba. Nilikuwa kijana bado walipokuja watu na kamba na vigingi katika shamba letu, jirani na kiwanja kimoja ambacho sitakitaja. Walitwambia tusipande wala tusijenge. Hawakuacha karatasi. Baba aliona minazi yake ikizeeka bila ya kupandiwa mingine, akafa akingoja. Kigingi kimoja kiko mpaka leo, watoto hufungia mbuzi. Mtu asiyelipwa akaondoka, wala asiyeruhusiwa akalima, huyo amefungwa bila ya hukumu.

Kwa hivyo rai yangu juu ya Njombe na Makambako ni hii. Miji hiyo miwili haina haja ya kugombana. Kiwanja cha Kilimanjaro kilifunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha, katika uwanda, na njia yake ni ya mita 3,600; hapana mji uliokufa kwa kutokuwa nacho mlangoni. Na patafutwe baina ya Njombe na Makambako, karibu na barabara, mahali ambapo ardhi, upepo na ukungu vitaruhusu. Ardhi itengwe yote mara moja, pamoja na ile ya kurefushia baadaye, maana hekta isiyolipiwa leo hununuliwa kesho pamoja na nyumba zilizo juu yake. Kile cha mjini kibakishwe kwa ndege ndogo na wagonjwa mpaka kipya kikamilike.

Wala tusidanganyane kwamba mbatata zitapanda ndege. Gunia la mbatata ni la lori na reli na jahazi. Ndege ni ya watu, dawa, barua na vitu vyepesi vyenye bei. Mwenye kuchora kiwanja kwa kudhania mizigo isiyokuwepo atajenga kikubwa cha kukaa bure, kisha atakosa fedha za taa. Songwe, kilichochukua nafasi ya kiwanja cha mjini Mbeya mwaka 2012, kilipewa njia ya zaidi ya mita 3,300, lakini kilikaa miaka mingi bila ya taa, na abiria wakarudishwa kwa ukungu na giza. Urefu ulikuwepo, kilichokosekana ni kutimiza.

Na sisi je? Kiwanja cha Unguja kilirefushwa kutoka mita 2,462 mpaka 3,022, na khabari za kukipanua cha Pemba zimekuwa midomoni mwa watu miaka hii ya 2020. Hapana mwanachama anayepinga Pemba kuwa na kiwanja kizuri. Lakini kupenda kitu si kunyamaza juu yake. Kila mmoja wetu anayehudhuria mkutano wa shehia na aulize mambo manne, kwa adabu na bila ya kuchoka: Ndege gani imechorewa kiwanja hiki? Ramani ya mpango mzima, pamoja na ukanda na maeneo ya usalama, imebandikwa wapi watu waione? Upepo umepimwa kwa muda gani? Na mwenye shamba atalipwa tarehe gani, kwa karatasi gani? Huko bara sheria ya ardhi ya mwaka 1999 yasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Neno hilo la mwisho ndilo lililomkosa baba yangu, na ndilo aliloniuliza mzee wa Njombe.

Mwenye kujibu maswali hayo manne kwa ramani mkononi, tumshukuru na tumsaidie. Mwenye kuyajibu kwa hasira, basi tujue kwamba vigingi vimekuja kabla ya hesabu.

Mwenye Duka