Pansi katika uwanda wa Newala

Yafaa wasomaji wa kusini waelezwe bayana kwamba pansi ni ua la baridi, na mwenye kusia mbegu zake Masasi mwezi wa Oktoba, joto likiwa limeshitadi, ataambulia miche dhaifu, hali yule wa Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, akizisia Aprili mvua zikikaribia kwisha, atayaona maua yake wakati wa kipupwe. Mbegu hizo hupenda giza. Basi zifukiwe kwa udongo kidogo, sanduku lifunikwe gunia lililoloweshwa, na lifunuliwe mara zichomozapo, aghalabu baada ya wiki mbili.

Taabu yetu ni maji. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika habari za uhaba huo, na mama zetu waliuonja kwa kuteremka mabondeni na mitungi kichwani. Mchanga wa huku huyameza maji papo hapo. Kwa sababu hiyo siridhii bustani kubwa ya pansi, bali vyungu vichache upenuni, penye kivuli cha adhuhuri, vyenye samadi iliyooza, vikinyweshwa asubuhi kwa maji yaliyooshewa mboga.

Tena, maua yaliyonyauka yakatwe upesi, maana mmea ukishazaa mbegu huacha kuchanua. Ila mwezi wa Agosti yaachwe matunda mawili matatu yakomae, yachumwe kabla hayajapasuka, na mbegu zihifadhiwe katika bahasha, mahali pakavu.