Jina Juu ya Bamba la Shaba

Jumapili hii tuitazame picha moja ya kale, iliyochongwa mjini Roma mwanzoni mwa miaka ya 1510. Yaonyesha habari ya Injili ya Mathayo: Herode ameamuru watoto wachanga wa Bethlehemu wauawe. Askari wamechomoa panga, maiti za watoto zimelala chini, na katikati mama mmoja atukimbilia, mwanawe kifuani, kinywa wazi kwa kilio.

Aliyeibuni ni Raphael. Aliyeichonga ni Marcantonio Raimondi, fundi aliyetokea Bologna. Alikata mistari katika bamba la shaba kwa chuma chenye ncha kali. Wino ulipakwa, uso wa bamba ukapanguswa, nao wino ukabaki mifereji. Kisha karatasi yenye unyevu ilikandamizwa juu yake. Bamba moja lilizaa nakala nyingi, hata picha ikawafikia watu wasiokanyaga Roma maishani.

Lakini fundi huyu alikuwa na doa. Miaka michache kabla, aliiga picha 17 za Mjerumani Albrecht Dürer za maisha ya Bikira Maria, akazitia hata alama ya jina la Dürer. Mwandishi Vasari asimulia kwamba Dürer alishtaki Venice. Hukumu ikawa kwamba Marcantonio asiitumie tena alama ile. Kuiga kwenyewe hakukukatazwa. Sheria ililinda jina, haikulinda jasho.

Sasa irudie picha ya Herode. Juu ya jiwe moja limechongwa jina la Raphael kuwa mbunifu, na chini yake herufi M, A, F za Marcantonio. Aliyefikiri ametajwa, na aliyetenda ametajwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1527 majeshi ya Mfalme Mkuu Karl wa Tano yaliiteka na kuipora Roma. Vasari asema fundi huyo alilipa fidia ili aachiwe, akatoka mjini karibu ombaomba. Mali ilikwenda, herufi tatu zimebaki.

Nasi je, msomaji? Kazini, sifa inapotolewa, twamtaja aliyeshika nyundo? Nyumbani, mgeni akisifu chakula, twamtaja aliyeamka alfajiri kuwasha moto? Kumtaja mtu hakugharimu hata senti moja. Kumnyima jina lake ni kumnyang'anya sehemu ya ujira wake.