Banasema nini pale?

Filimu ya wakimbizi ikionyeshwa, iwe ukumbini hapa Bujumbura au kwenye shuka jeupe lililotundikwa kambini, dakika tano hazipiti kabla mama mmoja hajamgusa jirani yake: "Banasema nini pale?" Jirani naye hajui. Wanaojua ni wageni wa viti vya mbele, kwa sababu wao wanasoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha.

Tazameni jambo hilo vizuri. Hadithi ni yetu, waigizaji ni wetu, lugha ni Kiswahili cha Kivu, Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge. Na watu pekee walioachwa nje ni wenye lugha hiyo! Mfadhili hahitaji sauti safi, ana macho na ana Kifaransa. Mama ana masikio tu, na masikio yake tumeyajaza upepo na jenereta. Basi mimi nasema wazi: filimu ambayo mama haisikii haikutengenezwa kwa ajili yake, hata kama jina la kambi yake limeandikwa mwanzoni kwa herufi kubwa.

Eti ni umaskini. Hapana bana. Angalieni agasobanuye, zile filimu za nje zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda, au zile alizotafsiri Lufufu kule Tanzania, au za DJ Afro wa Kenya. Picha imenakiliwa mara kumi mpaka imechakaa, lakini watu wanakaa mpaka mwisho. Kwa nini? Msimulizi amejifungia chumbani, mdomo uko karibu na mikro, kila neno linafika. Mchina wa kung-fu anaeleweka kuliko shangazi yetu wa Uvira kwenye filimu yetu wenyewe. Na hapa Burundi tulikuwa na mfano bora zaidi: Studio Ijambo, iliyoanza 1995, ilitengeneza mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango wa Marie-Louise Sibazuri. Hakukuwa na picha hata moja. Watu waliinama juu ya redio ndogo za betri wakafuata kila mhusika kwa sauti yake.

Tatizo letu ni umbali. Kamera inasimama mita tatu kutoka kwa mwigizaji, na mikro yake imo ndani ya kamera hiyohiyo. Sauti ya mtu inapungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukiileta mikro kutoka mita tatu hadi sentimita thelathini, umeongeza desibeli 20 za maneno, na kelele za mtaa zimebaki palepale. Hakuna kamera ya bei yoyote inayofanya kazi hiyo. Lakini nenda kwenye mafunzo ya filimu: siku nne za kamera, nusu siku ya montaje, na sauti wanaisema mlangoni wakati watu wanatafuta viatu. "Sauti haina shida, tutaitengeneza mbele." Mbele wapi? Programu ya kusafisha kelele ikikazwa sana inakula na maneno: s, f na h zinaondoka pamoja na upepo, mtu anabaki anaongea kama amefunikwa ndoo.

Na Kiswahili hakisamehe jambo hilo. "Hatukupewa" na "tukapewa" zinatofautiana kwa silabi moja ya mwanzo na irabu moja katikati. Mzee anaeleza kuhusu chakula cha mwezi, moto inapita nyuma yake, ile "ha" inamezwa. Mtafsiri aliye ofisini anaandika alichosikia. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnaotumia filimu hizi kama ushahidi, mmewahi kujiuliza mlisikia lipi?

Wengine watasema kelele ndiyo ukweli wa maisha yetu. Kweli, Buyenzi bila nyundo za gereji na adhana si Buyenzi. Lakini unaweza kurekodi nyundo peke yake dakika mbili, halafu kwenye montaje uiweke chini ya maneno kwa kipimo unachotaka. Nyundo ikishaingia juu ya neno, huitoi tena. (Machi 2022 moto, baiskeli na tuk-tuk zilikatazwa katikati ya mji. Labda huko kulitulia. Sisi hatuishi huko.)

Kuna filimu fupi ya dakika 19, Na Wewe, ya Ivan Goldschmidt, iliyofika kwenye orodha ya kugombea Oscar mwaka 2011. Inahusu Burundi ya vita: watu wameshushwa kwenye basi dogo, mbele yao bunduki, na kila mmoja anapaswa kusema yeye ni nani. Ukipoteza majibu yao, unabaki na watu wamesimama barabarani.

Sasa, vitu tunavyo. Mikro ndogo ya waya, ile ya kubana kifuani, unaichomeka kwenye simu, simu inaingia mfukoni mwa mwigizaji ikiwa imezimwa mtandao. Piga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye picha na sauti zikutane. Kitenge kipya kina wanga, kinakwaruza mikro kila mtu anapopumua, kifuliwe kwanza. Blanketi zile za HCR tundikeni tatu kuzunguka waigizaji, nje ya picha, na chumba cha ukuta mtupu kitaacha kulia kama pipa. Shitingi ya hema ni adui, upepo kidogo tu inapiga makofi. Chini ya mabati msianze kazi wingu likiwa jeusi. Asubuhi mapema, kabla mashine ya kusaga haijawashwa, ndiyo saa ya maneno. Mchana piga picha za kutembea. Mkimaliza tukio, waigizaji wasiondoke: warudie maneno yote mara moja, mikro karibu na mdomo, kamera imezimwa, wakati machozi bado yapo. Kisha watu wote wanyamaze nusu dakika mrekodi ukimya wa mahali pale, utawasaidia kuziba mishono.

Kilichobaki ni heshima. Katika timu zetu mtu wa mikro ni yule kijana aliyechelewa kufika, amepewa fimbo ashike. Hana ekuteri, hana ruhusa ya kusema "simama". Mwongozaji akipenda picha, wanaendelea.

Kwa hiyo mradi unaofuata wa filimu ukiletwa, kabla hatujasaini kushiriki, tuulize mambo matatu mbele ya watu: bajeti ya mikro iko mstari wa ngapi, nani atavaa ekuteri, na je, ana haki ya kusimamisha kazi? Na filimu ikikamilika, ionyeshwe kwanza kwa wamama wa kambi bila maandishi chini. Wakiuliza "banasema nini pale," isitumwe Geneva.