Baqii na makaburi yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), aliyeumba mauti na uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, aliyejaaliwa kufika Madina anajua kwamba mara nyingi, baada ya sala ya faradhi, huitwa sala ya maiti. Kisha jeneza hubebwa kuelekea Baqii, mwendo mfupi tu kutoka Msikiti wa Mtume. Hapo alizikwa Uthman bin Madhuun (r.a.), wa kwanza kati ya Muhajirina. Hapo wamelala Ibrahim mwana wa Mtume, wakeze Mtume isipokuwa Bi Khadija na Bi Maymuna, Hasan bin Ali na Imam Malik. Zaidi ya miaka 1400 imepita, na ardhi hiyo ingali inapokea maiti.

Imewezekanaje? Jibu limo katika kaburi lile la Uthman. Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kichwani pake ili alitambue, apate kuzika jirani naye watu wa nyumba yake. Hakuzidisha. Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Imam Muslim, amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Karne za baadaye watu walijenga makuba Baqii. Yakabomolewa mwaka 1806, yakajengwa tena, yakabomolewa tena miaka ya 1925-26. Leo ni udongo na mawe, na maiti mpya hupata nafasi.

Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii hatuna udhuru wa kusema kwamba haya ni mageni. Wanazuoni wa madhehebu haya, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kuwa katika ardhi iliyotolewa kwa maziko ya Waislamu wote ni haramu kujenga, kwa kuwa kunawabana watu. Tena wameruhusu kaburi la zamani kuzikwa mwingine pindi maiti wa kwanza anapokuwa udongo, kwa kauli ya wenye kuijua ardhi ya mahali hapo. Saruji huifunga ruhusa hiyo.

Sasa tujitazame. Mjini Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru wapo miongoni mwetu wanaoweka saruji na vigae juu ya wazazi wao, na wapo wanaorudi makaburini kwa matambiko. Wanadhani huko ndiko kuwaenzi. Waende Kaole, karibu na Bagamoyo. Kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe. Watalii huyatazama, lakini wengi wa waliolala chini yake hatuwajui hata kwa majina. Nguzo imesimama, dua imekatika.

Tukumbuke pia tarehe 10 Agosti 2019, ndani ya siku kumi za Dhulhija, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu. Zaidi ya watu 100 walifariki siku hiyo na zilizofuata, na wengi walizikwa makaburi ya Kola. Siku kama ile mji hauhitaji vigae. Unahitaji ardhi iliyo wazi na watu wa kuchimba.

Anayejenga juu ya kaburi la baba yake huchukua nafasi ya mtoto wa maskini atakayekufa kesho. Maskini huyo hana shamba la kuzikia, na mji unapanuka kuelekea mlimani.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu walifundishe jambo hili kabla ya msiba, kwani siku ya msiba huzuni haisikii. Kamati za misikiti ziwe na daftari la waliozikwa na mahali walipo, ili jiwe moja litoshe. Mwenye uwezo, badala ya kununua vigae, atoe ardhi wakfu ya maziko. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea. Wala asiende mtu kubomoa kaburi la mwenziwe kwa mkono wake. Hilo litazaa fitna. Kazi yetu ni kufundisha, na kuanza na maiti wa nyumba zetu wenyewe.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akitoka usiku kwenda Baqii kuwasalimia na kuwaombea msamaha waliolala humo. Hiyo ndiyo haki waliyotudai wafu wetu.

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia, na utupe mwisho mwema. Amin.