Mashine Yetu, Nenosiri Lao

Haya jamani, leo sizungumzii simu wala programu mpya. Leo nina hasira.

Juzi nilimpeleka mama hospitali moja (sitaitaja) apigwe eksirei ya nyonga. Tukakaa kwenye benchi saa tatu nzima. Mwishowe fundi akatoka akamwambia, "Pole mama. Waya ulioharibika nimeubadilisha, lakini mashine inadai nenosiri la kampuni. Mtu wao yuko Nairobi." Basi tukapanda matatu, tukateremka mlima wa Manga hadi Kisii mjini, tukalipia picha kwenye kliniki ya kibinafsi. Kila tuta la barabarani mama alikuwa anaguna.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo najua kilichotokea. Chuma kilikuwa kizima. Kilichomzuia fundi ni programu iliyofungwa, na ufunguo alibaki nao muuzaji.

Msidhani ni bahati mbaya. Ndivyo tunavyonunua vifaa vya hospitali Kenya. Mwaka 2015 serikali ilitia saini mikataba ya MES: kukodi vifaa kwa miaka 7, hospitali 98, shilingi bilioni 38. Kaunti zilianza kukatwa milioni 95 kwa mwaka, baadaye zikafika milioni 200, kaunti kubwa sawa na ndogo. Kamati ya Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya 2020 ilieleza vifaa vilivyolala bila kazi kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Na ule mkataba wa 2017 wa bilioni 4.9 wa kuunganisha hospitali hizo kwa mtandao? Ulivunjwa kabla ya kazi kukamilika.

Mngedhani tumejifunza. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema mfumo wa kompyuta wa SHA, wa bilioni 104.8, si mali ya serikali. Na sasa kuna NESP, ambapo kampuni inaleta mashine na kulipwa kwa kila huduma. Wanasema safari hii mashine ikilala, muuzaji halipwi. Sawa, hilo ni afadhali. Lakini nenosiri bado ni la nani? Mkataba ukiisha, tutabaki na nini? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Najua kuna watakaosema, "Mkiwapa watu funguo, fundi wa mtaani atamchoma mgonjwa kwa mionzi." Nani ametaja fundi wa mtaani? KMTC inafundisha uhandisi wa vifaa vya matibabu. Wahitimu wapo, wana vyeti, na mashine inaweza kukaguliwa kabla ya kurudi kazini. Wakati wa korona, mwaka 2020, iFixit ya Marekani ilikusanya miongozo ya kutengeneza mashine za hospitali ikaiweka bure kwenye intaneti, kwa sababu mafundi wa huko nao walikuwa wamefungiwa nje. Ikiwa Mmarekani analia, sisi wa Manga tunanyamazia nini?

Ningekuwa mimi ndiye naandika mikataba, hakuna mashine ingeingia nchini bila mambo haya matatu:

1. Mwongozo wa matengenezo na nenosiri la fundi vikabidhiwe hospitali siku ya kwanza.
2. Picha na data zitoke kwa muundo wa wazi kama DICOM, na ziweze kuhamishwa bila kumlipa muuzaji tena.
3. Mafundi wa kaunti wafunzwe kabla muuzaji hajalipwa shilingi ya mwisho.

Hayo hayahitaji mabilioni. Ni mistari michache kwenye karatasi ya mkataba, na asiyeitaka aende akauze kwingine.

Nyonga ya mama haikuwa imevunjika, tunashukuru Mungu. Lakini je, ingekuwa imevunjika, na sina nauli?

Kwenu je, mashine ngapi zimelala?