Runinga ya Ukumbini Isiyojua Leo ni Siku Gani

Jumanne moja, kabla ya saa tatu asubuhi, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika kituo kimoja cha afya hapa jijini Mwanza, mwendo mfupi kutoka Mirongo ninakoishi. Kando yangu aliketi mzee aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe siku iliyotangulia, akalala kwa jamaa yake ili awahi kliniki ya kisukari. Muuguzi alipomweleza kwa upole kwamba kliniki hiyo ilikwisha kuhamishiwa Alhamisi, yapata miezi miwili iliyopita, mzee hakupandisha sauti. Aliinua mkono, akaionesha skrini iliyotundikwa ukutani. "Lakini binti yangu," alisema, "mbona hiyo runinga yenu inasema Jumanne?"

Sote tuliinua macho. Ilikuwa ikisema Jumanne, kwa herufi kubwa za kijani.

Nilipodadisi, nilielezwa kwamba kijana aliyekifunga kifaa hicho alikwisha kuhama na nywila yake, na hakuna mwingine aliyejua namna ya kulibadilisha tangazo. Badala yake, karatasi yenye siku mpya ilibandikwa mlangoni. Karatasi ilisema kweli na mashine ikasema uongo. Na mzee, kama ambavyo wengi wetu tungefanya, aliiamini mashine.

Maoni yangu ni haya: skrini ya ukumbini ihesabiwe miongoni mwa vifaa vya huduma, sawa na mizani au kipimo cha shinikizo la damu. Mizani isiyorekebishwa hupotosha dozi ya mtoto. Skrini isiyorekebishwa humpotezea mgonjwa nauli, siku na wakati mwingine afya yenyewe. Hata hivyo, mizani tunaikagua, ilhali skrini tunaiwasha tu na kuiacha.

Yafaa tujue kwanza jinsi inavyofanya kazi. Nyuma ya runinga hukaa kisanduku kidogo, kicheza midia, ambacho ni kompyuta ndogo isiyo na kibodi. Hutunza picha na video katika kumbukumbu yake, huzipanga katika orodha, na kuzirusha kwa mzunguko kulingana na ratiba. Mabadiliko huingizwa kwa mtandao au kwa flashi. Hakuna ufundi mkubwa hapo. Muuguzi anayetumia simu ya kisasa anaweza kujifunza kwa muda mfupi.

Tatizo la kwanza ni saa. Vifaa vingi vya aina hii hutoka kiwandani vikihesabu kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kifaa kisiporekebishwa, tangazo lililopangwa saa mbili asubuhi litaonekana saa tano, wakati foleni imekwisha kupungua. Linalofuata latokana na sisi wenyewe. Mswahili akiambiwa tangazo lianze saa mbili, huandika 2:00; kumbe kwa kifaa hicho 2:00 ni saa nane za usiku, na saa mbili asubuhi huandikwa 08:00. Hivyo somo la wajawazito huoneshwa kwa mlinzi peke yake. Tena, vipo vicheza midia visivyo na betri ya saa: umeme ukikatika na mtandao usiporudi, kifaa huamka bila kujua leo ni siku gani.

Tatizo la pili ni umeme wenyewe. Kukatika kwa ghafla kunaweza kuharibu kadi ya kumbukumbu. Na hata kicheza midia kikijiwasha chenyewe umeme urudipo, runinga nyingi hubaki zimelala mpaka mtu abonyeze rimoti. Kisanduku huendelea kufundisha nyuma ya kioo cheusi. Tiba yake ni ya kawaida: betri ndogo ya akiba, mpangilio wa runinga kujiwasha, nakala ya maudhui kwenye flashi, na maudhui yote yahifadhiwe ndani ya kifaa ili kukosekana kwa intaneti kusizime somo.

Tatizo la tatu ni maudhui. Mgonjwa anayesubiri dakika kumi dirisha la dawa hawezi kufaidi mzunguko wa dakika arobaini na tano. Ukumbi una kelele, hivyo video inayotegemea sauti pekee haisikiki. Wapo wasiosoma kwa wepesi, na wapo wanaozungumza Kisukuma kuliko Kiswahili; picha lazima ijitosheleze. Zaidi ya yote, somo litoke hapa. Sisi tunaishi kando ya ziwa lenye konokono wanaobeba kichocho, na mtoto huambukizwa kupitia ngozi anapooga au kuchota maji ufukoni. Msimu wa mvua, Mto Mirongo unapobeba taka za jiji kuelekea ziwani, ujumbe wa kuchemsha maji ya kunywa unatakiwa wiki hiyo hiyo. Video nzuri iliyotengenezwa mbali haiwezi kujua kwamba jana mvua ilinyesha Mwanza.

Yapo pia ya siri. Kuandika jina la mgonjwa kwenye skrini kando ya jina la kliniki ni kumtangaza. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni nyeti kuliko nyingi. Namba ya foleni inatosha. Na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, asije mpita njia akarusha atakacho mbele ya wagonjwa.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba tuna uhaba wa watumishi na dawa, na kwamba runinga ni anasa. Nawaelewa. Ila runinga hizo tayari zimenunuliwa na zinatumia umeme kila siku. Ninachoomba ni uangalizi. Wengine watasema sauti ya muuguzi inatosha. Hao nakubaliana nao kwa nusu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio, ikawafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Redio haikuachwa iseme peke yake: wananchi walikusanyika katika vikundi, wakiwa na kiongozi na kitabu, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Skrini nayo yahitaji mtu wa kusimama kando yake, walau dakika tano kila asubuhi, aulize: "Mmeelewa nini hapo?"

Napendekeza mambo manne yasiyohitaji bajeti mpya. Kila skrini iwe na mwenyewe aliyetajwa kwa cheo, ili akihama, anayeshika cheo arithi kazi. Nywila na maelezo ya mipangilio viandikwe na kufungiwa ofisini kwa mganga mfawidhi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tangazo liwekewe tarehe ya kuisha, lijiondoe lenyewe hata tukilisahau. Na kila asubuhi, anayefungua ukumbi akague mambo matatu: saa, tarehe, na siku za kliniki. Vyuo vyetu vya tiba navyo viwafundishe wanafunzi kazi hii, kwani ndio watakaokuta visanduku hivyo katika vituo vya Magu, Misungwi na Sengerema.

Mzee wa Ukerewe hakurudi nyumbani siku ile. Alihesabu nauli yake, akaona haitoshi safari mbili, akaamua kumwomba jamaa yake hifadhi hadi Alhamisi. Nilipotoka ukumbini, skrini ilikuwa imezunguka tena, ikiwakaribisha wagonjwa wa kisukari kila Jumanne.