Intaneti ya mwendo wa kinyonga: Mteja wa Shanwe ambane nani?

MSIMU wa kupandia unapofika, foleni katika maduka ya pembejeo hairefushwi na uhaba wa mifuko peke yake. Tangu mpango wa mbolea ya ruzuku uanze msimu wa 2022/23, wakala hawezi kumkabidhi mkulima mfuko kwa bei ya ruzuku mpaka kwanza aingie kwenye mfumo wa kompyuta na kuhakiki namba ya mkulima huyo. Mtandao ukilala, mbolea nayo inalala. Mkulima aliyelipa nauli ya bodaboda kutoka shamba anaambiwa asubiri, au arudi kesho.

Katika kata ya Shanwe, Manispaa ya Mpanda, tatizo hilo halikuishia dukani. Mnunuzi wa mpunga au mahindi anayefanyia hesabu zake sebuleni anahitaji intaneti kujua bei ya Dar es Salaam kabla lori halijaondoka. Mwenye mashine ya EFD anaihitaji ili risiti zake zifike TRA. Mkulima wa ufuta anayefuatilia minada ya TMX, ambayo huendeshwa kwa kompyuta, anaihitaji saa ileile ya mnada, si jioni yake. Watu wa namna hii ndio walioacha kununua bando dogo dogo za simu, wakaweka ruta nyumbani na kuanza kulipa kwa mwezi. Wengi wao leo wana malalamiko yanayofanana: fedha inakwenda, kasi haionekani.

Wakipiga simu huduma kwa wateja hujibiwa kwamba mtandao uko chini, wazime ruta na kuiwasha tena. Kuzima na kuwasha si ushauri mbaya, kwa kuwa wakati mwingine ruta hunasa tu. Ubaya wake ni kwamba jibu hilo moja hutolewa kwa magonjwa manne tofauti, na mteja asiyeweza kuyatofautisha hana namna ya kuibana kampuni.

Ugonjwa wa kwanza kwa kweli si ugonjwa, ni hesabu. Kampuni huuza kasi kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, wakati kompyuta na simu zikipakua faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo aliyelipia Mbps 10 akiona faili linashuka kwa megabaiti 1.2 kila sekunde, hajaibiwa; amepata karibu chote alichonunua. Faili la megabaiti 75 kwa kasi hiyo huchukua dakika moja hivi. Likichukua dakika kumi, hapo kuna neno. Lakini kabla ya kulalamika, mteja asome tena tangazo lililomvutia. Mara nyingi mbele ya namba ile kubwa kuna neno dogo "hadi". Hadi Mbps 20 maana yake ni kwamba 20 ndiyo dari, na sakafu haikutajwa.

Kuna pia vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo ambavyo vina kikomo cha aina yake. Mteja akishatumia kiasi fulani kwa mwezi, kasi hupunguzwa mpaka mwezi mwingine uanze. Nyumba ambayo intaneti yake hukimbia tarehe 1 na kutambaa kila ifikapo tarehe 20 ianze kwa kuuliza habari ya kiasi hicho, tena iulize kwa maandishi.

Ugonjwa wa pili uko ndani ya nyumba yenyewe. Hapa wateja wengi hujionea haya baadaye, baada ya kugombana na wakala bure. Katika miji kama Mpanda, ruta nyingi za nyumbani hutumia laini, kama simu. Zinapokea mawimbi kutoka kwenye mnara, kisha zinayagawa ndani kwa Wi-Fi. Kwa hiyo kuna safari mbili za hewani, na kila moja ina maadui wake. Bati huzuia mawimbi. Ukuta mnene wa matofali huyapunguza. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la vyombo ili watoto wasiichezee inaonewa tu. Iwekwe juu, karibu na dirisha lililo upande wa mnara.

Asiyejua mnara wake uko upande gani anaweza kuiuliza ruta yenyewe. Ukurasa wa mipangilio yake, unaofunguliwa kwa anwani iliyobandikwa chini ya kifaa, huonyesha nguvu ya mawimbi ya 4G kwa namba hasi za dBm. Namba -85 ni nzuri. Ikifika -110 mambo ni mabaya, na kadiri inavyozidi kwenda mbali na sifuri ndivyo mawimbi yanavyodhoofu. Kuihamisha ruta kutoka chumba kimoja hadi kingine huku mtu akisoma namba hiyo ni kazi ya nusu saa, haina gharama, na huponya nyumba nyingi kuliko simu kumi za malalamiko.

Safari ya pili, ile ya Wi-Fi, ina njia mbili kuu. Ya 2.4 GHz hupenya kuta na kufika mbali, lakini kila jirani mwenye ruta anaitumia. Ile ya 5 GHz ina kasi zaidi ila haifiki mbali. Kompyuta ya hesabu iliyo chumba kimoja na ruta itumie hiyo ya pili, au iunganishwe kwa waya kabisa. Na kabla ya kumlaumu yeyote, mwenye nyumba ahesabu simu zilizoshikamana na ruta yake. Picha zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni, programu zinazojisasisha usiku na mchana, na neno la siri ambalo mtoto amewagawia wenzake wa mtaa mzima, vyote vinakula kutoka sahani moja.

Ugonjwa wa tatu uko kwenye mnara, na huu ndio wa kampuni. Mnara mmoja una uwezo wa kiasi fulani, na watu wote walio chini yake wanagawana. Saa nane usiku mtu anaweza kujiona mfalme. Saa mbili jioni, mji mzima ukiwa kwenye video, anarudi kuwa mwombaji. Dalili yake ni hiyohiyo: ruta haijasogezwa, namba ya dBm ni nzuri, alfajiri kasi ipo, jioni haipo.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la sera. Mei 2023 serikali na kampuni za simu zilisaini mikataba ya kujenga minara 758 nchini, kwa ruzuku inayopitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwenye maeneo ambayo kampuni zisingekwenda zenyewe kwa kuogopa hasara. Ni kazi ya kupongezwa, na wa vijijini wanaona manufaa yake. Hata hivyo, kuhesabu minara si kuhesabu kasi. Mnara unaotosha watu wanaopiga simu unaweza usitoshe watu haohao wakishanunua simu za kisasa, na mteja hana mahali pa kuona kama mnara wa mtaani kwake umeelemewa. Kampuni inajua, lakini inaendelea kuuza ruta mpya chini ya mnara uleule.

Ugonjwa wa nne uko mbali kabisa na Shanwe. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na kutoka Dar es Salaam data huingia baharini. Tangu Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika nchini, na EASSy mwaka uliofuata, Tanzania iliachana na utegemezi wa satelaiti zilizokuwa ghali na zenye kuchelewa. Lakini mikongo hukatika. Mei 12, 2024 yote miwili ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kusuasua. Siku kama hiyo kuhama kampuni hakusaidii sana, maana kampuni nyingi hupita bahari ileile. Na kuna yasiyo hitilafu kabisa: intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, kwa siku kadhaa, hakuna ruta iliyokuwa na kosa. Waliokuwa na mzigo njiani walibaki bila namna ya kujua bei wala kuwasiliana na wanunuzi kama walivyozoea.

Ushahidi kwanza, hasira baadaye

Mteja aliyekwisha kujua ugonjwa wake anaingia ofisini kwa namna nyingine. Anachohitaji ni daftari. Kwa siku tatu apime kasi alfajiri, mchana na saa mbili usiku, akiwa karibu na ruta na simu nyingine zimezimwa Wi-Fi, aandike tarehe, saa, kasi na namba ya dBm. (Kila kipimo hula makumi ya megabaiti, hivyo mwenye kifurushi kidogo asipime kila baada ya chai.) Daftari hilo na risiti ya malipo vina uzito kuliko maneno makali.

Utaratibu unamtaka aanze kwa kampuni yenyewe, na akilalamika adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Hiyo namba ndiyo roho ya shauri. Bila hiyo, kila akipiga simu anaanza upya na mtu mwingine. Kampuni isipomridhisha, anaweza kwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 na yenye ofisi za kanda pamoja na makao makuu Dar es Salaam. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kumsemea mteja. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA ana njia ya rufaa katika Baraza la Ushindani. Ni njia ndefu kwa mtu mwenye shamba la kupalilia, na kampuni zinalijua hilo. Ndiyo maana majirani kumi walio chini ya mnara mmoja, wakiandika barua moja yenye namba zao kumi za kumbukumbu, ni vigumu kuambiwa wazime na kuwasha.

Wapo watakaochoka na kuamua kuhama. Tangu Machi 2017 mteja wa simu Tanzania anaweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadili namba. Ila ruta ni habari nyingine. Ruta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu hufungwa zisipokee laini ya kampuni nyingine, na baadhi ya mikataba ina miezi ya lazima. Kabla ya kulipia kampuni mpya, mwenye nyumba aazime simu yenye laini ya kampuni hiyo, aiweke palepale dirishani saa mbili usiku, na apime.